Mlisha Maneno

Polisi wa zamu alimwambia aonje chakula kwanza. Mama Pacha akafunua bakuli, akachota wali kwa ncha ya kijiko, akala amesimama pale kaunta huku watu wote wa kwenye benchi wakimtazama anavyotafuna.

"Na mchuzi," polisi akasema.

Akaonja na mchuzi.

"Haya. Unamletea nani?"

"Mdogo wangu. Fundi. Yule mliyemchukua jana kwenye ukumbi wa video."

"Ahaa! Yule aliyempiga kinyozi umeme."

"Hakumpiga mtu umeme, ndiyo maana nimekuja." Mama Pacha aliweka bakuli chini akajifunga khanga upya kiunoni, na waliomjua wangemwambia polisi ajihadhari. "Jana saa nane mchana mdogo wangu alikuwa na mimi. Cherehani yangu imekufa, akanibebea mpaka sokoni kwa fundi cherehani. Tumetoka nyumbani saa saba, tumeachana huko saa nane na robo. Sasa huyo aliyeunganisha waya saa nane ni nani? Pepo lake?"

Sajini alitoka chumba cha ndani aliposikia kelele. Alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na adabu, si mtu wa kutukana watu ovyo. Alimsikiliza Mama Pacha mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, hilo jambo lina ushahidi wake. Ukumbi ulikatiwa umeme jana mchana. Baada ya muda mfupi kuna mtu akavuta waya kutoka kwenye nguzo, waya wenyewe umechubuka, ukalalia bati la kinyozi wa jirani. Kinyozi ameanika taulo bichi, kashika bati. Mpaka sasa yuko hospitali, hajafumbua macho. Na mdogo wako amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba ni yeye. Tena hajaguswa hata kofi. Tulimkuta amechuchumaa kando ya mgonjwa, akatunyooshea mikono mwenyewe."

"Mlete hapa aseme mbele yangu."

Fundi aliletwa akiwa pekupeku, ameshika suruali kwa mkono mmoja kwa sababu mkanda walikuwa wameuchukua. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, mkono wake mwepesi kwa kila kitu chenye waya, na dada yake ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita.

"Dada yako anasema jana saa nane mlikuwa wote sokoni," Sajini akasema.

Fundi alimtazama dada yake, halafu akajikuna shingo.

"Amechanganya siku, afande. Cherehani tulipeleka Ijumaa."

"We mtoto!" Mama Pacha aliruka. "Ijumaa gani? Ijumaa si nilikuwa nashona sare za watu? Mwambie kweli!"

"Ilikuwa Ijumaa, dada. Nenda nyumbani."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka puani. Sajini alivaa miwani yake polepole. "Mama, kudanganya polisi ni kosa. Nakusamehe kwa kuwa ni damu yako. Fundi cherehani leo Jumapili kafunga, na kesho asubuhi huyu anapandishwa mahakamani. Kama kuna la kusema, mtasema huko."

Mama Pacha alitoka uso umemshuka. Aibu ya kuitwa muongo mbele ya watu ilimchoma, sikatai, lakini haikuwa aibu iliyomsumbua njia nzima. Ni ile shingo. Tangu utotoni, Fundi akidanganya hujikuna shingo. Alijikuna aliposema sukari ililiwa na panya, alijikuna aliposema amefaulu hesabu. Na leo amejikuna ili abaki ndani. Mtu hudanganya ajitoe kwenye shida, sasa huyu anadanganya ajitie? Kwa faida ya nani?

Alipofika kona ya mtaa wao jibu lilikuwa limeshamfikia.

*

Walikaa vyumba viwili: kimoja cha mume na mke, kingine cha mama mkwe na wale pacha. Mama mkwe alikuwa kizingitini anachambua maharage. Ndani, mume wa Mama Pacha alilala ameelekea ukutani tangu jana jioni. Alisema ana homa.

Mume huyu mtaani aliitwa na kila mtu Sauti, na kazi yake ilikuwa kuwalisha watu maneno. Kwenye ukumbi wa video alikaa pembeni na kipaza sauti, filamu ya Kihindi ikianza anapunguza mlio wake, kisha anasema yeye kwa niaba ya wote: inspekta, jambazi, mama mjane, mpaka mbwa akibweka. Kihindi alikipata kwa tajiri mmoja wa vitambaa aliyemtumikia miaka minane, na alikijua barabara. Pale asipoelewa alipiga chuku, na pale alipoelewa alipiga chuku vilevile. Vyombo vyote vya ukumbi vilikuwa mkononi mwa shemeji yake, Fundi. Walifanya kazi pamoja, walikula pamoja, na watu wasiowajua walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ni ile watu waliyoiita Ile ya Pingu. Marafiki wawili wamekulia mtaa mmoja. Mtu anauawa, inspekta anawakuta kwenye kituo cha treni, mmoja anafungwa pingu na mwenzake anabaki akilia. Kwa maneno ya Sauti, yule wa pingu hakuwa na kosa lolote. Alinyoosha mikono akasema, "Afande, ni mimi. Huyu mwache, ana mama anamsubiri." Kila Jumamosi, miaka mitatu mfululizo, wanaume wazima walifuta machozi kwa mikono ya mashati wakijifanya wanapangusa jasho.

"Amka," Mama Pacha alisema.

"Naumwa."

"Amka uumwe umekaa." Alifunga mlango. "Mdogo wangu amewaambia polisi jana hakuwa na mimi. Amenigeuza muongo huku ananitazama. Sasa nakuuliza wewe, baba wa wanangu. Hapa duniani kuna watu wawili tu ambao Fundi anaweza kufungwa jela kwa ajili yao. Mmoja ni mimi, na mimi sijagusa waya wowote."

Sauti aliketi. Yule mtu aliyeweza kusema kwa midomo ya watu ishirini kwa siku alikosa neno moja la kwake.

"Ni wewe?"

"Walikata umeme filamu imebaki robo saa," akasema hatimaye. "Watu wamejaa, wanapiga viti. Fundi hayupo. Nimemwona mara ngapi akifanya, nikasema na mimi nitaweza. Nikapanda juu ya benchi la kinyozi nikaunga. Sikuwa na utepe, nikafungia mfuko wa nailoni."

"Halafu?"

"Umeme ukarudi. Watu wakashangilia."

"Na kinyozi?"

Sauti alijifunika uso. "Nilirudi kwenye kipaza sauti. Nilikuwa nasema ule mwisho. Nimepandisha spika mpaka juu kabisa, Mama Pacha. Inawezekana alipiga ukelele, sijui. Hatukusikia. Fundi ndiye aliyemkuta akitoka sokoni, akachomoa waya kwa mti. Nilipotoka nje akaniambia, nenda nyumbani haraka, mimi ndiye fundi, nani atakuuliza wewe? Nikaenda."

"Ukaenda," mkewe alirudia. "Ukaja ukalala."

Mlango ulisukumwa. Mama mkwe aliingia na ungo wake, na ilikuwa wazi amesikia kila kitu, maana kuta zile zilikuwa za mbao.

"Yaishie humu humu," alisema. "Mama Pacha, mwanangu, nisikilize kabla hujapaza sauti. Mdogo wako nampenda, anakula mezani kwangu. Lakini hana mke, hana mtoto. Akikaa ndani mwaka, miwili, atatoka bado kijana. Huyu akienda, hawa pacha watakula nini? Mimi dawa zangu za presha nitampa nani karatasi aninunulie?"

"Kwa hiyo mtu asiye na mtoto ndiye wa kutupwa?"

"Sijasema kutupwa. Amejitolea mwenyewe! Hakulazimishwa na mtu."

"Mama," Mama Pacha alisema. "Miaka tisa nakuheshimu. Hujawahi kusikia nikikujibu. Leo nakujibu. Yule nimembeba mgongoni nikiwa na miaka kumi na mbili, mama yetu amelala kaburini. Nimekosa shule kwa ajili yake. Ni mwanangu wa kwanza kabla ya hawa pacha. Wewe una wako na mimi nina wangu, na wako ndiye mwenye kosa."

Mama mkwe alikaa kitandani. Mama Pacha akachukua shati la mumewe kwenye msumari akamrushia magotini.

"Mimi sitakusemea. Sitakupeleka na sitakushika mkono. Nenda kwa miguu yako, na usiporudi na jibu la kueleweka, mimi na wanangu usitutafute humu."

*

Sauti alifika kituoni saa tisa alasiri. Njiani alikuwa amepanga maneno yake vizuri, yana mwanzo, yana kati na yana mwisho. Aliposema tu "Habari za kazi, afande," polisi wa zamu akainua kichwa.

"Hebu sema tena?"

"Habari za kazi."

"Loo! Si Sauti huyu? Jamani njooni, Sauti yuko hapa!"

Walitoka watatu, mmoja na kikombe cha chai mkononi. Walimpa mkono, walimpiga mgongoni, walimwambia yeye ni hatari. Mmoja alisema mkewe humfungia mlango kila Jumamosi kwa sababu yake. Halafu yule wa chai akasema lile Sauti alilokuwa akiliogopa.

"Tupe kidogo Ile ya Pingu. Ule mwisho."

"Nimekuja kumwona mgonjwa wangu, ndugu zangu. Yaani, mtu wangu."

"Utamwona. Kwanza tupe."

Angekataa? Mtu mwenye jambo lake kituoni hamkatalii polisi mzaha, hilo hata wewe unalijua. Sauti alikohoa. Alianza na inspekta, ile sauti nzito ya kutoka tumboni, kisha akaingia kwa yule wa pingu. "Afande, ni mimi. Huyu mwache, ana mama anamsubiri." Wakapiga makofi. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kiunoni, na kwenye mahabusu, hatua kumi kutoka pale, Fundi alikuwa amesikia kila neno.

Walimpa dakika tano, akasimama kwenye ujia, nondo kati yake na Fundi.

"Umetoa vizuri," Fundi alisema, akacheka kidogo.

"Usinicheke, shemeji."

"Sikucheki. Dada anaendeleaje? Nimemuumiza sana leo."

"Anajua." Sauti alishika nondo. "Nimekuja nikwambie kitu. Yule mtu wa kwenye filamu hakusema vile."

"Mtu gani?"

"Wa pingu. Nilizua mimi. Kwa Kihindi chao, yule anayelia ndiye aliyemchoma mwenzake. Alimwonyesha inspekta kidole, akasema ni huyu hapa. Yule wa pingu hakusema lolote la maana. Aliomba maji ya kunywa, basi."

Miaka mitatu Fundi alikuwa ameisikia ile filamu akiwa amekaa kando ya mitambo, na mara nyingine alikuwa akitamka maneno yale kimyakimya pamoja na shemeji yake.

"Kwa nini ulibadilisha?"

"Siku ya kwanza ukumbi umejaa, nikaona nikiwaambia ukweli watavunja viti. Wakapenda. Nikashindwa kurudi nyuma. Sasa unaona? Huna haja ya kumuiga mtu ambaye hayupo. Mwite Sajini, mwambie ulikosea, mwambie dada yako amesema kweli. Watakuachia."

Hapa nimsemee ukweli wake mwenyewe. Sauti alikuwa anatafuta mlango wa uani. Alitaka Fundi atoke bila yeye kuingia.

"Nikifuta maneno yangu," Fundi akasema, "Sajini ataniuliza, kama si wewe, ni nani. Nimjibu nani, shemeji?"

Sauti alitazama sakafu.

"Unaona. Na hiyo habari yako ya Kihindi, mimi Kihindi sikijui. Sikuwa namsikiliza yule mwigizaji hata siku moja. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Simu ya mezani ililia kule mbele. Sajini aliipokea, akasema "ndiyo" mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ya chini. Alikuja mpaka kwenye ujia na kalamu bado mkononi.

"Kinyozi amefariki," alisema. "Saa nane na nusu. Fundi, maelezo yako itabidi tuyaandike upya, maana kosa sasa ni jingine."

Sajini aliporudi mezani kwake, Fundi alikuwa amekaa chini. Midomo ilikuwa imemkauka na macho yalikwenda huku na huku kana kwamba ameshtuliwa usingizini, na ghafla alionekana mtoto kabisa.

"Nilidhani atapona," alinong'ona. "Shemeji, alininyoa Alhamisi. Nilidhani atapona."

"Fundi..."

"Ni miaka mingapi, mtu akifa?"

"Sijui."

"Basi nenda. Nenda upesi, kabla sijaanza kulia wakanisikia."

Sauti alikwenda. Simfichi. Alipita ujia, akapita kaunta, akashuka ngazi mbili za mbele, akafika kwenye lango. Alikuwa amekwisha kutoka. Mbele yake barabara ilikuwa wazi, watu wanapita na shughuli zao, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Ndipo akamsikia yule polisi wa chai nyuma yake, akimwigiza inspekta vibaya, kisha akimalizia kwa sauti ya kubana pua, "Huyu mwache, ana mama anamsubiri!" na wenzake wakaangua kicheko.

Alirudi. Alipanda zile ngazi mbili kwa shida.

"Ni mimi," alisema.

"Aah, huyo huyo!" Polisi wa chai alipiga meza. "Kumbe bado unayo!"

"Ni mimi niliyeunga ule waya."

Waliendelea kucheka. Sajini hakucheka. "Sikusikii vizuri. Sema tena."

Mtu huyu alisikika mitaa mitatu kila Jumamosi, na sasa ilibidi aulizwe mara mbili. Ile sauti ya tumboni haikuja. Ilitoka nyingine, nyembamba, yenye kukwama, ambayo pengine mkewe peke yake ndiye aliyewahi kuisikia.

"Sijaigiza, afande. Nilipanda kwenye benchi la kinyozi. Sikuwa na utepe, nikafungia waya kwa mfuko wa nailoni, wa bluu. Fundi hakuwepo."

Sajini alivuta droo, akatoa ule waya uliofungwa lebo ya ushahidi. Nailoni ya bluu ilikuwa imeyeyukia kwenye shaba. Aliugeuzageuza akiutazama.

"Nilijiuliza tangu jana," akasema, "ni fundi gani huyu anayefunga waya kwa nailoni." Akasogeza kiti kwa mguu. "Kaa chini, baba. Vua mkanda na viatu."

*

Fundi hakutoka siku hiyo. Sajini alimgombeza vya kutosha kwa kuwapotezea watu muda, akamwambia na yeye ana kosa lake la kusema uongo, ila Jumatatu fundi cherehani alipofungua kibanda na kuonyesha risiti ya Jumamosi, walimwandikisha dhamana na kumwachia saa sita mchana.

Wanawake wawili walikuwa nje wakimsubiri tangu asubuhi. Walikuja kila mmoja kivyake, wakakaa ncha mbili za ukingo mmoja wa saruji, hawasemeshani. Fundi alipotokea na viatu mkononi, Mama Pacha alimrukia. Alimpiga ngumi kifuani, akamkumbatia, akampiga tena. "Unaniita muongo mbele za watu! Mimi! Mimi unaniita muongo!" Alilia kwa sauti bila kujali nani anamwona, na Fundi akalia naye.

Mama mkwe aliwapisha wamalize. Kisha akainuka, akakung'uta gauni, akachungulia mlangoni mwa kituo nyuma ya Fundi.

"Mwenzako yuko nyuma?" aliuliza.

Fundi alimtazama dada yake.

"Mama," Fundi alisema, "amepelekwa mahakamani asubuhi, kwa gari, kupitia mlango wa nyuma. Wamemnyima dhamana. Atakuwa ameshafika gerezani sasa hivi."

"Lakini jana walisema wewe ndiye utakayepelekwa mahakamani."

"Ndiyo, mama."

"Basi nitamngoja. Wakimaliza naye watamleta hapa hapa walipomtoa." Akakaa tena, mkoba wake magotini, uso kwenye ule mlango.

Mama Pacha alijifuta macho kwa upindo wa khanga. Alikuwa amepata alichokidai, kimesimama mbele yake kizima, na alitamani amshike mdogo wake mkono waondoke. Alimwambia atangulie nyumbani akawapokee pacha shuleni. Halafu akaenda kukaa kando ya mama mkwe wake, karibu kabisa, begani.

"Twende, mama. Jua kali."

"Siendi," bibi alisema. "Akitoka asikute mtu?"

Mama Pacha alitoa khanga yake ya pili, akamfunika mama mkwe kichwani jua lisimchome, na wakaendelea kukaa.